Neno "Kosmos": Pambo na Utaratibu

Andiko la 1 Pet. 3:3 hutumiwa mara nyingi mimbarani kuwakemea wanawake wasukao nywele na kuvaa dhahabu. Yafaa basi tulifuatilie neno lililo nyuma ya "kujipamba" hapo, yaani kosmos la Kiyunani, tangu zamani zake.

Katika mashairi ya Homer kitenzi chake, kosmeo, ni kupanga askari katika safu za vita. Lakini kosmos ni pia mapambo ya mungu mke Hera. Huko Krete kosmos alikuwa mtawala: sheria ya mji wa Dreros, iliyochongwa katika jiwe karne ya 7 K.K., yamkataza aliyekwisha kuwa kosmos asikishike tena cheo hicho kabla ya miaka 10. Baadaye wanafalsafa waliuita ulimwengu wote kwa jina hilo, kwa ajili ya utaratibu uliomo. Nayo Septuaginta, katika Mwa. 2:1, yalitumia kwa "jeshi" la mbingu na nchi.

Basi kupamba huku hakukuwa kuongeza urembo tu, bali kukiweka kitu katika hali kipasayo. Wanawali wa Mt. 25:7 "walizipamba" taa zao kwa Kiyunani. Watafsiri wa Union Version ya 1952 wakaandika, kwa busara, kwamba walizitengeneza. Taa haivikwi maua! Kiswahili chenyewe chalijua jambo hili: watu wa pwani humpamba bibi arusi, nao humpamba maiti, ambaye hapambwi ili atazamwe.

Turudi kwa Petro. Ataja mambo matatu: kusuka nywele, kujitia dhahabu, na kuvaa mavazi; na katika Kiyunani mavazi hayo hayana sifa yoyote, si ya thamani wala ya fahari. Mwenye kupiga marufuku misuko kwa aya hii itampasa apige marufuku na nguo. Tena katika aya ya 5 Mtume awasifu wanawake watakatifu wa zamani kwa kitenzi kile kile, kosmeo. Swali lake ni pambo gani, wala si kama kuna kupamba.

Tusisahau pia kwamba nywele za mabibi wakuu wa Kirumi zilisukwa kwa mikono ya watumwa, na watumwa walikuwamo katika makanisa hayo (2:18). Katika Tit. 2:9-10 ni watumwa wanaopewa kitenzi hicho: wao ndio waambiwao kuyapamba mafundisho ya Mungu.