Oulu, Mji Uliojengwa kwa Lami ya Misonobari

Hapa mto Oulujoki unamwaga maji yake katika Ghuba ya Bothnia, kaskazini mwa Finland. Mfalme Karl wa Tisa wa Sweden aliuanzisha mji huu mwaka 1605, lakini waliouneemesha ni wakulima wa bara, watu wa Kainuu, waliotengeneza lami.

Msonobari uliambuliwa gome ungali umesimama, ukaachwa miaka kadhaa hadi utomvu ujae kwenye mbao. Kisha ulipasuliwa, ukapangwa shimoni, ukafunikwa na kuchomwa polepole, usiku na mchana, bila kuachiwa hewa ya kutosha. Lami nyeusi ikachuruzika hadi kwenye pipa. Mapipa yalishushwa mtoni kwa mashua ndefu nyembamba, katikati ya maporomoko yaliyoua wengi. Kila aliyewahi kuona chombo cha mbao kikikalafatiwa atafahamu kwa nini mabaharia wa Ulaya waliililia bidhaa hii. Katika karne ya 19 Oulu ilikuwa miongoni mwa bandari kuu duniani za kuuza lami hiyo.

Moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji mwaka 1822. Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Crimea, manowari za Uingereza zilichoma maghala na merikebu, lami ikawaka.

Maghala mekundu ya mbao unayoyaona sokoni ni ya zama za biashara hiyo. Yaguse. Bahari nayo inazidi kurudi nyuma: ardhi iliyokandamizwa na barafu ya kale bado inainuka, milimita chache kila mwaka.