Bunduki zilizopita Mbozi mwaka 1918

Tarehe 25 Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilisalimisha silaha zake Mbala, mji ulioitwa Abercorn enzi za Waingereza, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Zilihesabiwa bombomu 37, mzinga mmoja wa Kireno na bunduki 1,071. Bunduki hizo zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Wiki chache kabla, mwishoni mwa Oktoba, zilikuwa mabegani mwa askari waliokatiza nchi ya Wanyiha, kutoka Utengule kupitia Mbozi hadi Fife.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari zilibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja iliyotumia baruti ya moshi. Kila mlio ulimwonyesha adui mpigaji alipojificha. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapa bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu. Aprili 1915 meli Rubens ya Wajerumani ilizama katika ghuba ya Manza ikiwa na bunduki 1,800 na mamilioni ya risasi. Maji ya chumvi yalikuwa yameziingia risasi, ikabidi zifunguliwe moja moja na baruti yake ianikwe. Kazi hiyo ya mikono haitajwi vya kutosha. Bila hiyo huenda jeshi hilo lisingefika Mbozi mwaka 1918.

Kisha, Novemba 1917, ngome ya Wareno huko Ngomano ilianguka, na zaidi ya nusu ya jeshi likashika bunduki za Kireno.

Kwa kuwa bunduki hizo zilitoka majeshi tofauti, mkusanyaji makini wa silaha za kale huanza na alama, uzuri wa mbao baadaye. Mauser ya zamani ina maandishi I.G.Mod.71 ubavuni. Ya Kireno ya 1904 ina taji na herufi za mfalme Carlos wa Kwanza, ingawa ilitengenezwa Berlin: Wajerumani waliiuza, kisha wakairudisha kwa nguvu. Ya Kiingereza ina taji, jina la kiwanda na mwaka, upande wa kulia nyuma ya komeo. Baada ya alama hutazamwa namba: zikilingana kwenye mtutu na komeo, huenda vipande hivyo vimekaa pamoja tangu kiwandani; zikitofautiana, fundi wa vitani huenda aliunganisha mabaki ya bunduki mbili. Mwisho ni tundu la mtutu. Baruti ya moshi huacha masizi yanayovuta unyevu, na mtutu usiooshwa kwa maji ya moto huliwa na kutu kutoka ndani, hata kama kwa nje unang'aa.

Silaha nyingi za Mbala zilitupwa katika ziwa Chila, na baadhi ya zilizoopolewa zimo Makumbusho ya Moto Moto mjini humo. Kwetu Tanzania hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vifaa vya kabla ya 1863, kwa hiyo bunduki ya 1914 haimo, wakati sheria ya silaha ya 2015 inaihesabu kuwa silaha tu. Kwa maoni yangu pengo hilo lizibwe.

Kwa hiyo, msomaji wa Mbozi, ukikuta chuma cha aina hii shambani au darini kwa babu, usikisugue wala usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usiguse risasi yoyote. Toa taarifa polisi, kisha omba Makumbusho ya Taifa ijulishwe kabla hakijateketezwa.