Barabara Iliyoipita Bandipur

Wageni wengi wanaofika Bandipur, huko Nepal, husifia utulivu wake kana kwamba ulikuwepo tangu enzi. Hata mimi nilivutwa na sifa hizo. Lakini tazama mtaa wake mkuu: nyumba za ghorofa zilizobanana, madirisha ya mbao yenye nakshi, njia ya mawe bapa isiyopitisha gari. Waliojenga haya ni wafanyabiashara, na mfanyabiashara gani anataka kimya?

Mwaka 1769 Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alikamilisha kuliteka Bonde la Kathmandu. Baada ya hapo Wanewari kutoka mji wa Bhaktapur wakaja kufungua maduka kwenye mgongo huu wa mlima, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, penye vijiji vya Wamagar. Kwa nini juu huku? Malaria, bwana. Tambarare za Terai, upande wa India, ziliogopwa kwa homa. Mlimani mtu aliweza kulea watoto. Bidhaa za India zikapanda kwa migongo ya wapagazi, za Tibet zikashuka, na Bandipur ikala huku na huku.

Miaka ya 1950 ikaja DDT. Mbu wa Terai wakapungua, watu wakaanza kuhamia bondeni. Kisha, miaka ya 1970, ikakamilika barabara kuu ya Kathmandu hadi Pokhara, iliyojengwa kwa msaada wa China. Haikupanda mlima, ilipita chini, Dumre, kilomita 8 hivi kutoka sokoni. Wenye maduka wakafungasha, wengine Dumre, wengine Narayanghat. Makao makuu ya wilaya nayo yalishahamia Damauli. Na barabara hiyo inaitwaje? Prithvi! Yaani mfalme ambaye ushindi wake ulitangulia ujio wao ndiye aliyepewa barabara iliyowaondoa.

Siwezi kuilaani. Anayelilia soko la zamani akumbuke mgongo wa mpagazi, na kaburi la mtoto aliyekufa kwa homa.

Waliobaki walibaki na miungu. Hekalu la Bindabasini lipo palepale sokoni. La Khadga Devi linatunza upanga unaosemekana kuwa wa Mukunda Sen, mfalme wa Palpa, aliopewa na Shiva mwenyewe. Hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Dashain. Uwanja wa Tundikhel, ukingoni mwa mlima, nao una mandhari yake: alfajiri nilimwona Machhapuchhre, mlima wa mita 6,993 ambao ni mtakatifu na hauruhusiwi kupandwa, ukishika rangi kabla ya mabonde kuamka.

Ila kilichonisimamisha zaidi ni maktaba ya Padma. Chini ya ukoo wa Rana, waliotawala hadi 1951, kusoma kulitiliwa shaka: mwaka 1930 vijana wa Kathmandu, mshairi Laxmi Prasad Devkota akiwemo, waliadhibiwa kwa kutaka kufungua maktaba. Wachuuzi wa mlimani hawakuwa wakihesabu faida peke yake.

Jirani na maktaba, maduka ya chini yamegeuka migahawa, na vyumba vya juu hukodishwa kwa usiku. Wenyeji huzima taa mapema. Wageni ndio wanaokesha.