Mark X, Crown na Brevis za mkononi: kagua haya kabla hela ya mpunga haijaondoka

Tangu lami ya Kidatu–Ifakara ifunguliwe rasmi Agosti 2024, mitaa ya Kibaoni imeanza kuona ndinga ambazo zamani hazikuwa na sababu ya kuvuka Kidatu. Enzi za vumbi na tope, mtu akipata hela huku alikuwa anatafuta Land Cruiser, RAV4 au pikipiki. Siku hizi mpunga ukishavunwa na miwa ikishalipwa, madalali wanaanza kupiga simu: "Mzee wangu, kuna Mark X hapa, nyeusi, viti vya ngozi, bei ya kutupa."

Neno langu leo ni moja tu. Gari kubwa ya kifahari ikiuzwa bei ya kutupa, mara nyingi anayeiuza ameshindwa kuilisha au ameshindwa kuitengeneza. Ukiinunua, umenunua na deni lake. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, halafu ndio uende benki.

GARI ZENYEWE NI ZIPI

Huku kwetu tunazungumzia hasa hizi za Toyota, zote zimetoka Japan zikiwa zimetumika:

Brevis (2001 hadi 2007). Ina injini ya silinda 6, ya lita 2.5 (1JZ-FSE) au lita 3.0 (2JZ-FSE). Ile ndogo ina nguvu za farasi 200. Ndani ni sebule kabisa.

Mark II, ile tunayoiita "GX 110" au Grande (2000 hadi 2004). Hii zipo za aina nyingi, kuanzia lita 2.0 za kawaida mpaka za turbo zenye farasi 280. Usinunue jina, fungua boneti usome injini.

Mark X ya kwanza (Novemba 2004 hadi 2009). V6 ya lita 2.5 yenye farasi 215, au lita 3.0 yenye farasi 256. Ya pili ilianza Oktoba 2009 na Toyota wakaacha kuitengeneza Desemba 2019. Ya pili ipo mpaka ya lita 3.5 yenye farasi 318!

Crown Athlete ya 2003 hadi 2008. Hii ni ndugu wa damu wa Mark X ya kwanza, injini za familia moja.

Zote hizi kwa kawaida zinasukumwa na tairi za nyuma. Likumbuke hilo, nitalirudia tukifika kwenye matope.

KWA NINI JAPAN ZINAUZWA RAHISI, HALAFU HUKU BEI INARUKA

Kule Japan gari ya binafsi inakaguliwa na serikali kila baada ya miaka 2 (ikiwa mpya inapewa 3), na ukaguzi una gharama. Kodi ya mwaka inapanda kufuata ukubwa wa injini, na gari ya petroli ikizidi miaka 13 inaongezewa tena. Mjapani anaona bora aiachie.

Ikifika Bandari ya Dar, TRA nao wana yao. Ushuru wa forodha ni 25%. Injini ikizidi cc 2,000 kuna ushuru wa bidhaa 10%. Gari ikizidi miaka 10 tangu itengenezwe kuna ushuru wa uchakavu 30%. Juu ya yote hayo VAT 18%.

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme TRA wameithamini gari pamoja na usafiri kwa milioni 10. Forodha 2,500,000. Ushuru wa injini kwenye 12,500,000 ni 1,250,000. Uchakavu 3,750,000. VAT kwenye 17,500,000 ni 3,150,000. Jumla ya kodi 10,650,000, bila kuhesabu tozo ndogo ndogo. Yaani kodi imeipita gari yenyewe! Na TRA wanatumia thamani iliyo kwenye mfumo wao, sio lazima bei uliyolipa wewe. Viwango vinaweza kubadilika kila bajeti, kwa hiyo tumia kikokotoo cha TRA kabla hujaagiza.

Ndio maana wengi wetu tunaishia kununua zile ambazo tayari zina namba za hapa, zimeshapita mikono miwili mitatu Dar na Moro. Na hapo ndipo shughuli ilipo.

ANZA NA KADI, SIO RANGI

Mjomba wangu alikuwa na hela ya misimu miwili ya mpunga. Dalali mmoja akamletea Brevis nyeupe, inang'aa. Kabla ya kuwasha injini nikaomba kadi. Jina la kwenye kadi halikuwa la muuzaji. Kumuuliza, kumbe mwenye jina ameshafariki na muuzaji alinunua kwa mtu aliyenunua kwa marehemu, hakuna aliyebadilisha umiliki. Dalali akasema, "Hiyo ni karatasi tu mzee wangu, tutaimaliza." Mjomba akamjibu taratibu, "Kijana wangu, hiyo karatasi ndiyo ninayoinunua." Tukaondoka.

Kama angelipa pale, angekuwa anamiliki viti na tairi. Gari ya marehemu inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndio aiuze. Warithi wakija siku yoyote, huna cha kuwaambia. Kwa hiyo:

1. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi. Mark X ya kwanza inaanza na GRX120 (lita 2.5) au GRX121 (lita 3.0). Brevis ni JCG10 au JCG11. Namba ikiwa imechubuliwa au imechomelewa, funga mjadala.

2. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani. Deni linafuata gari, haliulizi mwenye gari ni nani leo.

3. Muuzaji awe ndiye mwenye jina, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na hela ipite benki. Halafu badilisha umiliki TRA mara moja. Hiyo "tutabadilisha baadaye" ndiyo iliyoizaa ile Brevis nyeupe.

INJINI: NJOO ASUBUHI

Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Injini ya moto inaficha mengi.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini, ya ABS na ya eabegi lazima ziwake, halafu zizime gari ikishaunguruma. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kuna mtu ameitoa balbu.

Angalia moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia. Mweusi ni petroli inazidi. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta rangi ya chai ya maziwa, aga uondoke.

Injini zote zenye herufi FSE zinarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ndio zinapopata nguvu, lakini kaboni inaganda kwenye njia ya hewa, na pampu ya petroli ya presha kubwa ikifa bei yake itakukumbusha ada ya shule. Sikiliza ikiwa imesimama na AC imewashwa. Ikitetemeka, omba ipimwe kwa kompyuta. Mark X za lita 2.5 za zamani nyingine zinakula oili, kwa hiyo vuta kijiti chenyewe uone, usiulize.

Brevis na Mark II za injini ya JZ zinatumia mkanda wa taimingi, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Asiyejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mark X inatumia mnyororo.

Gia boksi: weka D, halafu R, halafu D. Ikichelewa kushika au ikipiga teke, hiyo sio ya kuchukua. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una alama ya tope, na inua kapeti. Gari iliyozama mafuriko haikosi kuacha ushahidi hapo.

Kilomita kwenye dashibodi usiziamini, zinarudishwa nyuma kama saa. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 60,000 hazimalizi raba ya pedali.

BARABARA ZETU

Gari hizi zimeinuka kutoka chini sentimita 15 hivi. Ifakara hadi Mikumi kwenye lami ni raha. Lakini ukienda mashamba ya Mlimba au Malinyi wakati wa masika, tairi za nyuma zinachimba shimo na wewe unatafuta trekta. Rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba ni nzuri kwenye picha, mashimo yanazikunja. Chukua za inchi 16.

Na huo mwendo utautumia wapi? Kiberege, Mang'ula, Sanje mpaka Kidatu ni vijiji, matuta, watoto wa shule na malori ya miwa. Mwisho wa makazi ni 50. Ukitoka Mikumi kwenda Moro unapita hifadhini, na mnyama ukimgonga unalipa.

HESABU YA KUILISHA

Ifakara hadi Dar ni kilomita 400 na ushee. Gari inayokwenda kilomita 9 kwa lita itakula lita 44 hivi. IST inayokwenda 14 itakula 29. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huo, na kumbuka bei ya huku iko juu ya ile ya Dar kwa sababu ya usafirishaji. Spea nyingi nazo zinaagizwa Kariakoo zije na basi.

Kanuni yangu: gawa hela yako mafungu matatu. Mawili yanunue gari, moja libaki benki. Kama mawili hayatoshi, gari hiyo sio ya kwako bado. Chukua ndogo.

Mjomba alifanya hivyo. Baadaye alipata Mark X ya 2006 kwa mwalimu mmoja wa Moro, kadi ina jina lake mwenyewe. Ndani ya miezi minne lile fungu la tatu limeshanunua shokapu mbili za mbele, bushi, koili moja na betri. Gari inatembea, na watoto wako shule. Angemaliza hela yote kwenye kununua, leo ingekuwa juu ya mawe.

Naomba kuwasilisha. Mafundi na mliowahi kumiliki hizi gari, mwenye nyongeza au masahihisho aweke hapo chini, wengine wapone.