Mrija Uliobaki Chini

Gunia lisilo na nafaka twaliita tupu, ingawa limejaa hewa. Ndivyo tulivyoizoea hewa: hatuihesabu. Lakini pale usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba ya ngozi yetu huelemewa na hewa yenye uzito wa karibu kilo moja. Hatuusikii mzigo huo kwa kuwa tumezaliwa nao, na miili yetu nayo hujibu kwa kusukuma kutoka ndani.

Mwaka 1644, Mtaliano Evangelista Torricelli alieleza katika barua jinsi mzigo huo unavyoweza kuonekana. Mrija wa kioo, uliozibwa upande mmoja, hujazwa zebaki, kisha hupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki hushuka kidogo, halafu husimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Torricelli alisema kinachoizuia isishuke zaidi ni hewa ya nje, inayolikandamiza bakuli. Wengine walishikilia kwamba ni ule utupu wa juu unaoivuta. Nani angewaamua?

Mfaransa Blaise Pascal aliona kwamba mlima ungewaamua. Ikiwa hewa ina uzito, basi kileleni, ambako iliyobaki juu yetu ni chache, zebaki itashuka. Alimwomba shemeji yake, Florin Périer, aliyeishi Clermont, aifanye kazi hiyo. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer na wenzake walipanda Puy de Dôme, wakafika karibu mita 1,000 juu ya mji. Zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Alirudia kipimo mara 5: ndani ya kanisa dogo, nje, penye upepo, penye ukungu. Jibu lilikuwa lile lile.

Mimi, hata hivyo, humkumbuka zaidi mtu ambaye hakupanda. Périer aliacha mrija wa pili katika nyumba ya watawa mjini, na mtawa mmoja akaketi akiutazama kutwa nzima. Haukubadilika. Bila yeye, mtu yeyote angeweza kusema kwamba hali ya hewa iligeuka siku ile. Tunamsifu apandaye mlima. Lakini aliyekaa chini ndiye aliyeipa safari ile maana.

Busara hiyo ilikuja kufika mbali. Kwa miaka mingi wataalamu walikadiria kwamba mgandamizo wa hewa ya Mirihi ni kama milibari 85, huku wetu usawa wa bahari ukiwa 1,013. Katika miaka ya 1950 Wernher von Braun alibuni vyombo vyenye mabawa vya kutua huko. Akipenda, chongo huita kengeza.

Mwezi Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita nyuma ya Mirihi huku kikituma mawimbi ya redio. Kabla hayajakatika, mawimbi hayo yalipenya hewa ya sayari ile, yakabadilika kidogo sana. Mabadiliko hayo yalilinganishwa na jinsi mawimbi ambavyo yangefika kama hapangekuwa na hewa njiani. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa mrija wao wa chini. Jibu lilikuwa milibari 4 hadi 7. Mabawa yaliwekwa kando. Viking 1, iliyotua Julai 1976, ilitumia mwavuli na pia roketi za kupunguza mwendo.

Viking ilituonyesha jambo jingine. Mgandamizo wa Mirihi hupanda na kushuka kwa misimu, kwa sababu wakati wa baridi kali sehemu ya hewa yenyewe huganda kwenye ncha za sayari, kisha hurudi kuwa hewa jua linapoipata.

Kwetu, anayeipungukiwa hewa hupanda mwenyewe kuitafuta hali hiyo: kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo ni takriban nusu ya ule wa pwani, na kila hatua hudai pumzi yake. Akishuka, huirudia hewa nzito, na baada ya siku chache huisahau tena. Ndiyo maana kipimo kinahitajika: kukumbuka kwa niaba yetu kile tulichokizoea.