Matone Yaliyomtisha Mama

Mama ana sukari, na mtu wa sukari huambiwa apimwe macho kila mwaka. Alienda mara moja tu. Nesi alimtia matone, akamwambia angoje kwa benchi, basi. Alipotoka hakuweza kusoma ujumbe ulioingia kwa simu, hata na miwani yake, na jua la saa saba lilimchoma hadi akafunika macho kwa leso. "Nilienda nikiona, wamenirudisha kipofu," aliniambia. Kesho yake aliona sawa. Lakini huu mwaka wa tatu hajarudi.

Sikuwa na jibu la kumpa, nikaanza kulitafuta.

Matone hayo yana babu yao: belladonna, mmea wa Ulaya wenye sumu. Jina hilo ni la Kiitaliano, maana yake mwanamke mrembo. Inasemekana wanawake wa Italia walitia maji yake machoni ili mboni zipanuke, wapendeze. Mwaka wa 1753 Linnaeus aliuita Atropa belladonna, akiazima jina la Atropos, yule wa hadithi za Wagiriki anayekata uzi wa maisha. Urembo na kifo kwa jina moja. Sumu yake ikaja kuitwa atropini.

Madaktari waliipenda kwa sababu nyingine. Mboni ni tundu tu, na ukichungulia kwa tundu dogo huoni chumba kizima. Mwaka wa 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha habari za chombo chake cha kuangalia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mboni ikifunguliwa, daktari huona retina na mishipa yake ya damu hadi pembeni. Ni humo humo sukari huharibu kimya kimya, kabla mgonjwa hajahisi kitu.

Sasa ukungu unatoka wapi? Mwaka wa 1801 Mwingereza Thomas Young alieleza kwamba tunapoangalia kitu cha karibu, lenzi iliyo ndani ya jicho hubadilika umbo. Alizamisha jicho lake majini ili konea isifanye kazi yake, na bado likaweza kulenga karibu na mbali. Lenzi hiyo hutegemea msuli mdogo unaoizunguka. Msuli huo, na ule unaobana mboni, husikiliza amri ya kemikali moja. Atropini huziba masikio ya yote miwili. Mboni inabaki wazi, lenzi inashindwa kulenga karibu.

Ushahidi mwingine ulitoka Afrika. Huko Calabar, Nigeria ya leo, washukiwa wa uchawi walilishwa mbegu yenye sumu. Aliyetapika akapona alihesabiwa hana hatia. Mwaka wa 1863 daktari wa Edinburgh, Douglas Argyll Robertson, alitia dawa ya mbegu hiyo kwenye jicho lake mwenyewe. Mboni ilisinyaa, na jicho likaacha kuona mbali vizuri. Kinyume kabisa cha belladonna, misuli ni ileile.

Kijana kama mimi akitiwa matone, lenzi ndiyo humwangusha. Mama ameshapita hamsini na lenzi yake imekuwa ngumu, ndiyo maana husoma kwa miwani. Kwake, shida kubwa ilikuwa tundu lenyewe. Tundu dogo husafisha picha. Si hata wewe hukunja macho ukitaka kusoma bango la matatu iliyo mbali? Tundu kubwa huingiza mwanga ovyo ovyo, na miwani ya kusomea haiwezi kuuzuia.

Nilimweleza haya jikoni, akichambua sukuma.

"Kwa hivyo macho hayakuwa yameharibika?"

"Hapana, Mama. Yalifunguliwa tu. Atropini yenyewe ingekaa hata wiki nzima, lakini matone ya kupimia siku hizi huisha kwa masaa machache."

"Na mbona hawakusema?"

Hapo sikuwa na historia ya kumjibu. Sentensi moja ingetosha: utaona ukungu hadi jioni, njoo na mtu wa kukushika mkono. Kwa kukosa sentensi hiyo, miaka mitatu imeenda bila mtu kuchungulia mle ndani.

Tunaenda Alhamisi. Nimeazima miwani ya jua, na mkono ninao.