Upepo wa Bahari Uligawanywaje Dar es Salaam?

Ninyi mlioko Makere, pamoja na wenzenu wa Kasulu na Kibondo, leo tutasoma historia ya jambo ambalo huko kwenu milimani halisumbui sana, nalo ni joto. Usiku wa Makere mtu hutafuta blanketi. Lakini ndugu zenu wengi walishuka Kigoma, wakapanda gari moshi, wakaenda pwani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi watu wa Buha waliifuata, kwanza kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani, baadaye kutafuta maisha Dar es Salaam. Mgeni akifika huko mwezi wa Januari au Februari huona hewa nzito, shati linaganda mgongoni, na mchana joto hufika nyuzi 32 za Sentigredi. Akiandika barua nyumbani husema kwamba Dar es Salaam kuna joto. Ni kweli, lakini sisi tumwulize: Dar es Salaam ya wapi?

Mji huo ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walihamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka huohuo wakatoa amri ya ujenzi. Karibu na bahari zijengwe nyumba za namna ya Kizungu tu. Nyuma yake nyumba imara za biashara. Na mbali zaidi na maji, nyumba za miti na udongo. Waingereza walipoitwaa nchi walifuata mwendo uleule, na mwaka 1924 wakaugawa mji mafungu matatu. Watu wenyewe waliyapa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Sasa tazameni ujanja wake. Amri hizo zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya ngozi. Kwa maandishi, mtu yeyote angeweza kujenga Uzunguni, mradi ajenge nyumba ya Kizungu. Lakini kuli wa bandarini angepata wapi fedha za nyumba kama hiyo? Basi hapakuwa na haja ya kumkataza kwa jina lake. Bei ilimkataza.

Na kiwanja kilipogawanywa, upepo nao uligawanywa. Pwani, wakati wa mchana, nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya baharini, iliyo baridi kidogo, huja kushika nafasi yake. Anayeipata kwanza ni yule aliye ukingoni. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga huko Oyster Bay, mahali panapoelekea bahari kuu. Viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba zimeachana, zina veranda pana, na miti imepandwa kuzunguka.

Nendeni sasa Kariakoo. Jina hili limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914–1918, waliopiga kambi hapo. Baadaye viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, lakini vidogo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Ua ule ulikuwa ndio mapafu ya nyumba: hapo walipika, hapo walipunga upepo jioni. Lakini watu walizidi. Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Wenye nyumba wakaongeza vyumba vya kupangisha uani, na mapafu yakazibwa.

Paa nalo likabadilika. Makuti yaliondoka, yakaja madebe yaliyopondwa, kisha mabati. Mimi silidharau bati. Halivuji upesi, wala haliwaki moto kwa cheche ya jirani. Lakini bati lisilo na dari chini yake humwaga joto la jua moja kwa moja kichwani mwa mtu. Wazee wa Buha waliolala katika msonge wa nyasi wanajua tofauti hiyo, na aliyewahi kuketi adhuhuri ndani ya turubai katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, hahitaji kuelezwa. Usiku, ukuta wa saruji na ardhi isiyo na mti huendelea kutoa joto lililoingia mchana. Mzee na mtoto mchanga ndio huumia zaidi, maana mwili usiopumzika usiku huamka umechoka.

Baada ya Uhuru, mwaka 1961, Waafrika wenye vyeo walihamia Oyster Bay. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda na kujenga nyumba bora, hasa Magomeni. Hata hivyo mji ulikwenda mbio kuliko fundi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wamejenga mahali pasipopimwa, kama vile Manzese na Tandale, bati likigusana na bati, na kichochoro kikiwa chembamba hata upepo haupiti. Oyster Bay bado kuna miti. Rangi si kitu tena huko. Linaloulizwa ni fedha.

Kati ya Kariakoo na Uhindini Waingereza waliacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Waliutetea kwa maneno ya afya, kwamba mbu na maradhi ya Uswahilini yasivuke. Uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu ukawa mahali ambapo watu wa Kariakoo huenda kutafuta kivuli.

Kazi ya darasa: hesabuni miti iliyo kati ya nyumba zenu na sokoni Makere. Andikeni nani aliipanda, na ni ipi iliyokatwa tangu viwanja vilipoanza kuuzwa.